Sungura Si Kuku: Kumlea Mtoto wa Sungura Uswahilini

Sungura wa kwanza kuingia nyumbani kwetu Charambe aliishi siku tisa. Tulimwita Bumu kwa sababu alinunuliwa siku ile ile pesa ya kujikimu ilipoingia, na kama bumu lenyewe, hakufika mwisho wa mwezi. Wenzangu darasani walicheka sana nilipowasimulia, nami nikacheka nao. Nyumbani mdogo wangu, ambaye yupo darasa la tatu, hakucheka. Aliniuliza swali moja tu: "Dada, ulimpa dawa ya watu?"

Ndiyo, nilimpa. Na tangu nianze kulisimulia jambo hili nimekutana na wanafunzi wengi wa kukaa mitaani, wa Mbagala, wa Tandika, wa Tegeta huko, ambao waliwahi kununua mtoto wa sungura, akafa ndani ya wiki mbili, wakaambiwa na majirani kwamba sungura ndivyo walivyo, wanakufa hovyo. Kiukweli hawafi hovyo. Wanakufa kwa sababu zinazojulikana, na karibu zote nilizifanya mimi ndani ya hizo siku tisa. Kwa hiyo somo la leo naanza na makosa ya mwalimu.

Tuliyomfanyia Bumu

Nilimnunua kituoni kwa kijana aliyebeba tenga, saa nane mchana, jua la Januari. Akaniambia huyu ana miezi miwili. Alikuwa anaenea kwenye kiganja. Nikamtia kwenye boksi la viatu, tukabanana kwenye daladala mpaka nyumbani, na watoto wa nyumba tatu wakampokea kwa zamu, kila mmoja akimnyanyua kwa masikio kama walivyoona kwenye picha.

Jioni mama akasema mtoto ni mtoto, mpeni maziwa. Tukampa maziwa ya ng'ombe kwenye kisosi. Kesho yake kabichi. Kesho kutwa karoti, kwa sababu kila sungura wa kwenye katuni anakula karoti, na pembeni ugali kidogo na pumba ya kuku. Siku ya sita akaanza kuhara. Siku ya saba akajikunyata kwenye kona, macho nusu, anasaga meno. Mimi, mwanafunzi wa mwaka wa tatu ninayesomea kufundisha Biolojia na Kemia, nikafungua kidonge cha amoksilini kilichobaki kwenye dawa za mama, nikakoroga unga wake kwenye maji, nikamnywesha kwa bomba la sindano. Nilijiona nimefanya la maana. Siku ya tisa asubuhi alikuwa amekauka.

Hapo hakuna kosa moja, kuna kama saba. Tuyachambue, lakini siyo kwa mpangilio, maana mengine ni mazito kuliko mengine.

Kwanza, huyu siye yule wa hadithini

Kiswahili kinatuchanganya kidogo. Sungura mjanja wa hadithi za bibi, anayemshinda fisi na simba, ni mnyama wa porini, wa jamii ambayo wataalamu huiita Lepus. Yupo Tanzania tangu na tangu. Huyu mweupe au wa madoadoa anayeuzwa kwenye tenga ni mwingine, Oryctolagus cuniculus, na asili yake ni Hispania, Ureno na kusini mwa Ufaransa. Sisi tunawaita wote sungura, lakini hawazai hata pamoja.

Tofauti yao inaonekana siku ya kuzaliwa. Mtoto wa sungura pori huzaliwa na manyoya, macho wazi, juu ya ardhi, na muda si mrefu anakimbia. Mtoto wa sungura wa kufugwa huzaliwa uchi, kipofu, ndani ya shimo lenye giza ambalo mama yake amelitandika majani na manyoya aliyojinyofoa mwenyewe. Macho hufumbuka akiwa na siku kumi hivi mpaka kumi na mbili. Anaanza kutokatoka kiotani akifika wiki tatu.

Nasema haya kwa sababu tukishajua huyu ni mnyama wa shimoni, mambo mengi yanaeleweka bila kukariri. Anataka pa kujificha. Anaogopa kunyanyuliwa, kwani huko kwao kinachomnyanyua ni mwewe. Na joto la shimoni halifanani na joto la chini ya bati, Charambe, mwezi wa pili.

Umri

Yule kijana wa tenga aliniambia miezi miwili. Nikikumbuka ukubwa wa Bumu na namna alivyokuwa akitetemeka, hakuzidi wiki nne. Sungura wa wiki nne anaweza kutafuna majani, ndiyo maana muuzaji anasema ameshaacha ziwa. Lakini tumbo lake bado liko njiani: linatoka kwenye maziwa ya mama kwenda kwenye nyasi, na wale bakteria wa kumsaidia kusaga nyasi bado hawajatulia. Ukimtoa kwa mama, ukambadilishia chakula, ukamsafirisha juani na kumzungusha mikononi mwa watoto kumi, yote kwa siku moja, umemtwisha mzigo usiobebeka. Subiri afike wiki nane. Kama muuzaji hawezi kukuonyesha mama na ndugu zake, usinunue, hata kama dogo wako analia barabarani.

Tumbo ndilo sungura mwenyewe

Hapa nitakaa kidogo.

Ng'ombe anasaga nyasi mbele, kwenye matumbo yake manne, kisha anacheua. Sungura hana hayo. Yeye nyasi zake zinachachushwa nyuma, kwenye mfuko mkubwa unaoanzia pale utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana. Kwenye vitabu vyetu unaitwa sekamu. Humo wamo bakteria kwa mamilioni. Shida ni kwamba mfuko huo uko mbali sana huko nyuma, chakula kikishachachuka kimeshapita sehemu ya kukifyonza vizuri. Sungura anafanyaje? Anakitoa na kukila tena.

Sapu, sungura wetu wa pili ambaye nitamfikia, alipofanya hivyo mara ya kwanza mama alisema, "Jamani, mnyimeni nini huyu mnyama mpaka anakula mavi yake?" Hatukumnyima kitu. Sungura hutoa aina mbili: zile gololi ngumu tunazozifagia, na nyingine laini, zenye utando, zimeshikana kama kichala kidogo cha zabibu. Hizo laini huzila moja kwa moja akiwa ameinamisha kichwa chini ya tumbo, mara nyingi usiku au alfajiri. Ndimo anamopata vitamini za kundi B na sehemu ya protini. Usimkataze, usimkemee.

Kinachoendesha mtambo huo wote ni nyuzinyuzi za nyasi. Utumbo wa sungura hautakiwi kusimama hata kidogo. Tena hawezi kutapika, kwa hiyo kibaya kikiingia hakina njia ya kurudi. Sungura asiyekula kwa saa kumi na mbili ni mgonjwa wa dharura. Usiseme "tutamwangalia kesho". Na meno yake yote yanakua maisha yake yote, asipotafuna nyasi yanarefuka mpaka yanamchoma mdomoni.

Sasa rudi kwenye sahani ya Bumu. Maziwa ya ng'ombe: hayamfai, na aliyeacha ziwa hahitaji maziwa yoyote, anahitaji maji safi. Ugali na pumba: wanga mwingi unaochachuka vibaya kwenye sekamu. Kabichi: gesi. Karoti: sukari. Karoti kipande cha ukubwa wa kidole gumba ni pipi ya mara moja moja, siyo mlo. Yule sungura wa katuni ametudanganya dunia nzima.

Mlo wenyewe ni nyasi. Kwetu Temeke ukoka haununuliwi, unakatwa kwenye viwanja vilivyo wazi, ila siyo kando ya barabara penye moshi, wala pale mbwa na mbuzi wanapokojolea, wala penye dawa iliyopulizwa. Sisi tunakata asubuhi umande ukishakauka, tunatandaza kivulini siku mbili tatu, tunaweka kwenye kiroba kinachopitisha hewa. Zikiota ukungu tunatupa. Nyasi awe nazo usiku na mchana, zisiishe. Juu yake unaongeza majani mabichi kidogo: matembele, kishona nguo, majani ya karoti (sokoni wanayatupa, omba tu), mchicha mara chache. Kila jani jipya anza na moja, uangalie choo chake kesho yake, ndipo uongeze. Chakula cha vidonge cha dukani kikipatikana, kijiko kimoja au viwili kwa siku vinatosha kwa mdogo.

Asiguse majani ya mparachichi, ya nyanya, ya viazi mviringo. Kisamvu kibichi nacho kina sumu ya sayanaidi, kiache kwenye sufuria ya binadamu.

Dawa

Bumu angepona? Sijui kama tumbo lake lilikuwa limeshaharibika kiasi cha kutorudi. Ninachokijua ni kazi ya kile kidonge. Amoksilini, kama ilivyo ampisilini na penisilini nyingine za kumeza, ikiingia kwenye tumbo la sungura inawaua wale bakteria wazuri wa sekamu. Nafasi yao inachukuliwa na wabaya wa kundi la Clostridium, ambao wanatoa sumu, na sungura anahara mpaka anakufa. Dawa ile ile inayomponya mtoto wa jirani kikohozi ni sumu kwake.

Na mimi nilijua nusu ya habari hii! Kidato cha sita nilichora mfumo wa mmeng'enyo wa sungura, nikaandika bakteria wanaishi wapi na wanafanya nini, nikapata maksi zote. Nilijua pia antibayotiki huua bakteria. Ni sentensi mbili zilizokaa kichwani mwangu kwa miaka mitatu bila kukutana, mpaka siku ile nimeshika bomba la sindano, na hata siku ile hazikukutana. Zilikutana wiki moja baadaye nilipokuwa naandaa andalio la somo la mazoezi ya kufundisha. Nilifunga daftari nikatoka nje.

Kwa hiyo: dawa ya sungura aseme daktari wa mifugo. Mitaani wapo, na kata ina ofisa mifugo wake. Ukikosa, uliza kwenye duka la dawa za mifugo wakuelekeze kwa daktari, siyo wakuuzie tu chupa. Mwambie kabla hajakuuliza kwamba ni sungura, umri wake na uzito wake.

Sapu

Tulikaa miezi minne bila sungura. Mdogo wangu alisema hataki tena. Kisha shangazi yangu anayekaa Boko akatuambia jirani yake anafuga, na jike lake limezaa sita. Tukaenda kuwaona wakiwa na wiki tano. Mzee yule hakutaka kutupa. "Rudini baada ya wiki tatu, wanangu. Na mje asubuhi." Nikampenda hapo hapo.

Wa pili tukamwita Sapu, na kila aliyewahi kurudia mtihani anajua kwa nini.

Tulimchukua saa kumi na mbili alfajiri, kabla ya joto, kwenye boksi lenye matundu na nyasi ndani, pamoja na kiroba cha nyasi zile zile alizozizoea. Mzee alitusisitiza tusimbadilishie chakula ghafla. Tuchanganye za kwetu kidogo kidogo kwa siku saba mpaka kumi. Kwenye gari konda akachungulia boksi, akauliza huyu naye analipa nauli. Abiria mmoja akajibu kwamba huyu ni mwanafunzi.

Siku tatu za kwanza hatukumshika kabisa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko zote, maana watoto wa mtaa mzima walishasikia. Tulimwekea boksi lililopinduliwa lenye mlango mdogo, awe na shimo lake. Mdogo wangu alikuwa anakaa chini pembeni na daftari lake la Hisabati, hamgusi, hamwiti, anafanya hesabu zake. Siku ya nne Sapu akatoka akamnusa kidole cha mguu.

Kumnyanyua kuna utaratibu wake. Mkono mmoja chini ya kifua, mwingine ubebe makalio na miguu ya nyuma, kisha mlaze kwenye kifua chako. Masikio yana mishipa na yanauma, siyo mpini. Hatari kubwa zaidi ni miguu ya nyuma: ina nguvu kuliko uti wake wa mgongo, akipiga teke ikiwa inaning'inia anaweza kuuvunja. Mtoto mdogo asimbebe akiwa amesimama. Akae chini, sungura aje mwenyewe.

Banda letu fundi alilitengeneza kwa mbao za mapaleti, limeinuliwa usawa wa kiuno. Kila mguu wa banda umesimama kwenye kopo lenye oili chafu, kwa ajili ya siafu, ambao usiku mmoja wanaweza kummaliza mnyama aliyefungiwa. Wavu uwe mgumu na wa matundu madogo, maana panya wanapita kwingi, na paka hapewi nafasi ya pili. Usimsahau kunguru. Hawa kunguru wa Dar, wajukuu wa wale walioletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, wanachukua vifaranga mchana kweupe, na mtoto wa sungura aliyeachwa uani peke yake kwao ni kifaranga tu. Sakafu isiwe wavu mtupu, unamchubua nyayo; weka ubao sehemu ya kulalia. Mkojo ufutwe kila siku. Banda bichi ndilo linaloleta koksidia, vimelea wa utumboni ambao ndio muuaji mkubwa wa sungura wadogo.

Joto la kaskazi

Sungura hatoki jasho na kuhema hakumsaidii sana. Joto lake linatokea masikioni. Nyuzi joto zinazompendeza ni kama 15 mpaka 20, zikizidi 30 yuko hatarini, na wewe unajua Dar kati ya Desemba na Machi kaskazi ikivuma mambo yanakuwaje. Usimweke ndani ya chumba cha bati kisicho na dari mchana. Sapu mchana anakaa chini ya mwarobaini, upande ambao jua haliufikii hata saa tisa.

Tunamwekea chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyoganda, imefungwa kwenye kipande cha kanga; anaiegemea mwenyewe. Sisi hatuna friji. Mama wa nyumba ya pili anauza barafu, anatugandishia chupa mbili kila siku, tunamlipa kwa kumsaidia mwanawe masomo. Umeme ukikatika tunalowesha kitambaa tunampangusa masikio. Ukimwona anahema haraka, mdomo wazi, masikio ya moto, amelala ubavu, msogeze kivulini, lowesha masikio kwa maji ya kawaida na mtafute daktari. Usimtumbukize kwenye ndoo ya maji baridi, mshtuko utamuua.

Maji ya kunywa yawepo muda wote, kwenye bakuli zito asilolipindua. Kadiria mililita 100 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, joto likizidi anakunywa zaidi.

Kama uliyemnunua tayari ana mimba

Hutokea, kwa sababu dume na jike wakiwa wadogo ni vigumu kuwatofautisha, na wakifika miezi minne hivi wanaanza kuzaa. Mimba ni siku 31, pungufu au zidi moja mbili. Ukikuta vitoto uchi kiotani na mama amekaa mbali, usidhani amevitupa. Sungura hunyonyesha mara moja tu kwa siku, mara chache mbili, tena kwa dakika zisizozidi tano, kisha anaondoka ili asiwaelekeze maadui kiotani. Asubuhi angalia matumbo: yakiwa ya mviringo na vitoto vimetulia, vimeshiba. Ukiona yamesinyaa na vinalialia, hapo muite mtaalamu. Na dume muondoe mapema, jike anaweza kushika mimba siku ile ile aliyozaa.

Tunamchinja lini?

Hili swali mama aliuliza Jumapili moja, kwa nia njema kabisa. Kwa watu wengi mtaani kwetu sungura ni kitoweo au ni biashara. Wa kukaa naye tu wanamshangaa. Sipingi anayefuga wa nyama, nyama yake ni nzuri na ana haki ya kuifuga. Ila hata huyo wa nyama anahara, anaungua na joto, anavunjika mgongo, na tuna Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 isiyomuuliza mwenye mnyama kama amemfuga kwa mapenzi au kwa sufuria.

Mama alijibiwa na mdogo wangu. Alileta lile daftari la Hisabati, kurasa za nyuma, ambako kila siku anaandika Sapu amekula nini na ametoa gololi nyingi au chache. Kuna siku moja ameandika "chache, ndogo", na amepigia mstari. Siku hiyo ndiyo aliyonipigia simu nikiwa Chang'ombe kwenye kipindi, nikatoka, tukampeleka kwa daktari kabla ya saa nane. Ilikuwa utumbo umeanza kusimama. Alipewa dawa yake, tukamsugua tumbo taratibu, usiku akaanza kutafuna ukoka.

Mama aliyasoma yote, ukurasa kwa ukurasa, kisha akauliza kama majani ya maboga anaruhusiwa. Anaruhusiwa, kidogo. Jana tumempima Sapu kwenye mizani ya muuza nyanya hapo kona: kilo moja na robo.